Kompyuta Iliyozimika Nusu ya Njia

Mtu aliyeshika chaki kwa miaka mingi huzoea kuamini kwamba kila kosa lina dasta yake. Ukikosea hesabu ubaoni, unafuta, unaandika upya, na wanafunzi wanasahau kabla kengele haijalia. Mimi niliishi na imani hiyo hadi usiku wa Alhamisi, tarehe 17 Aprili 2025, nyumbani kwangu hapa Morogoro, masika yakiwa yamekolea, nilipofuta kitu ambacho sikujua hata kama kipo.

Inanipasa kwanza nieleze mzee wa umri wangu alikuwa akitafuta nini kwenye kompyuta saa nne usiku.

Nilianza kazi ya ualimu mwaka 1974. Mwaka huo yalipitishwa mambo mawili ambayo wakati ule sikuona kama yanahusiana. La kwanza, mwezi Novemba, ni Azimio la Musoma, lililotaka kila mtoto wa Tanzania aliyefikia umri wa shule awe darasani ifikapo 1977. La pili ni kwamba serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Basi nikaanza kazi katika nchi iliyohitaji walimu kwa maelfu na isiyohitaji kompyuta hata moja. La kwanza lilinijaza kazi ya maisha yangu. La pili sikuligundua kabisa, kwa sababu sikujua kompyuta ni mnyama gani.

Walimu wa kutosha kutoka vyuoni hawakuwapo. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa, wakapewa madarasa vijijini mwao, wakawa wanafundisha huku wakijifunza kufundisha: asubuhi mbele ya watoto, mchana na mwalimu msimamizi, wakisikiliza vipindi vya redio na kujibu masomo yaliyokuja kwa posta. Mwisho wao walikuja chuoni kwa muda mfupi wa mafunzo. Hao ndio watu waliowaita, wakati mwingine kwa dharau, "walimu wa UPE". Mimi nilikuwa mkufunzi kijana tangu 1978, somo langu hisabati, na kila kundi lililopita mikononi mwangu niliandika majina yao kwenye kauntabuku zangu mwenyewe: jina, kijiji, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka. Hakuna aliyenituma. Niliandika kwa sababu napenda orodha.

Nilipostaafu mwaka 2011, nikiwa mkuu wa chuo, nilirudi nyumbani na kauntabuku hizo ndani ya sanduku la bati. Mchwa wakalijua sanduku kabla sijalifungua. Mwaka 2019 wanangu waliponinunulia kompyuta mpakato, hii ambayo vijana huiita laptopu, nilianza kuyaokoa majina. Nilichapa kwa vidole viwili karibu miaka miwili. Majina 1,340. Nilipomaliza la mwisho, nilizipeleka kauntabuku nyuma ya nyumba, kwenye jaa, nikazitia moto pamoja na mchwa wake. Nakumbuka nilisimama pale na fimbo yangu kama mtu aliyeshinda vita.

Mjukuu wangu, ambaye anasoma mambo ya kompyuta Dodoma, aliniambia: "Babu, nakili orodha hiyo kwenye flashi pia." Nikamwambia nitafanya. Msomaji anayejua wazee anajua neno hilo lina maana gani.

Sasa, Jumanne ya juma lile alinijia mtu mmoja, mwalimu mstaafu, mwanafunzi wangu wa zamani. Cheti chake kiliungua nyumba yake ilipoungua. Alistaafu mwaka 2020, na kwa miaka mitano ofisi moja, ambayo sina haja ya kuitaja, ilikuwa ikimwambia kwamba miaka yake mitatu ya mwanzo haionekani popote. Hatimaye alipata afisa mwenye subira aliyemwambia: mlete mtu aliyekufundisha, atoe barua pamoja na nakala ya ukurasa wa kumbukumbu wenye jina lako, kabla ya Jumatatu tarehe 28. Alikaa kwenye kochi langu akiwa ameshika kofia kwa mikono miwili, kama alivyoshika kofia miaka ile. Nikamwambia, "Mwalimu mwenzangu, jina lako ninalo. Njoo uchukue barua."

Alhamisi usiku nikaketi kuandika barua hiyo. Nilipowasha mashine, ukatokea ujumbe kwamba kuna toleo jipya la BIOS, na je, ninakubali kusasisha? Ujumbe ule ulikuwa wa adabu sana. Ulisema usizime mashine, uunganishe na umeme, usubiri. Mjukuu alikuwa ameniagiza kwamba nikiona maneno nisiyoyajua nimpigie kwanza. Lakini nilijiuliza: mimi niliyeendesha chuo, niliyesaini hundi na kuongoza mabaraza, niombe ruhusa ya kijana usiku huu ili nibofye kitufe? Nikabofya.

Mstari mweupe ukaanza kutambaa. Ulipofika asilimia 41, nakumbuka vizuri, radi ilipiga upande wa milima ya Uluguru na umeme ukakatika mtaa mzima. Betri ilikuwa imejitangaza kuwa na asilimia 70. Ilikuwa inasema uongo. Ilikuwa imechoka kama mwenye nayo. Ilishika kwa kitambo cha kupepesa macho, kioo kikawa cheusi, nami nikabaki gizani nikisikiliza mvua.

Umeme uliporudi alfajiri, mashine iliwaka taa, feni ikavuma, lakini kioo kilikuwa kimya. Kitaa kidogo cha kitufe cha herufi kubwa kikawa kinakonyeza, kinatulia, kinakonyeza tena. Nilikizima nikakiwasha labda mara ishirini. Ilikuwa Ijumaa Kuu. Sikumwambia mke wangu. Nilifunga kifuniko, nikaenda ibadani, nikarudi, nikafungua, kikanikonyeza tena.

Jumamosi akaniuliza, "Mwalimu, mbona siku mbili hatusikii kuchapa?" Yeye huniita Mwalimu tangu tulipooana, na anajua kulitamka neno hilo kwa namna tano au sita. Nikamweleza. Hakusema kitu. Aliendelea kuchambua mchele, na ukimya ule nisingeutakia adui.

Nikampigia mjukuu. "Shikamoo babu." "Marahaba." Kisha nikamweleza, naye akanyamaza kidogo, akauliza kwa sauti ya chini, "Babu, ulibofya?"

Kijana yule alinifundisha kwa simu jambo ambalo sikuwa nimelijua kwa miaka yote niliyotumia kompyuta. BIOS, alisema, si sehemu ya Windows, wala haikai pamoja na barua zangu. Ni maagizo mafupi yaliyohifadhiwa katika chipu yake peke yake kwenye bodi. Unapowasha mashine, kichwa chake hakijui chochote: hakijui kama kina kioo, kibodi, wala kumbukumbu. Maagizo hayo ndiyo ya kwanza kusomwa. Huvikagua viungo kimoja kimoja, kisha huitafuta Windows mahali ilipolala na kuikabidhi kazi. Nikamwambia, "Yaani ni mpiga kengele." Kila shule ina mtu mmoja anayeamka kabla ya wote, mwenye funguo za madarasa, akishapiga kengele na walimu kuingia, hakuna anayemkumbuka tena mpaka siku asipokuja. Akacheka akasema, "Ndiyo babu, na wewe umemfukuza kazi wa zamani kabla wa mpya hajashuka kwenye basi."

Jina hilo BIOS nililiuliza baadaye asili yake. Lilitoka kwa Mmarekani Gary Kildall, aliyelitumia katika programu yake ya CP/M miaka ya 1970, na likaenea kwa kompyuta ya IBM ya mwaka 1981. Katika mashine za siku hizi kilichomo ndani ni kitu kingine, huitwa UEFI, lakini watu wameng'ang'ania jina la zamani. Mimi siwalaumu. Hata chuo chetu watu wa pale kijijini waliendelea kukiita kwa jina la wamisionari miaka mingi baada ya ubao wa mbele kubadilishwa.

Kampuni nyingi, alisema mjukuu, huweka mlango wa nyuma kwa ajili ya balaa kama hili. Kwenye mashine nyingi za HP unashikilia kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na herufi B huku ukiwasha. Kwenye nyingi za Dell ni Ctrl na Esc huku ukichomeka chaja. Nyingine zina utaratibu wao. Mashine huenda kutafuta nakala ya BIOS kwenye flashi. Nikaenda kwa jirani mwenye duka la kutoa kopi, tukapakua faili la kampuni iliyotengeneza mashine yangu, tukaliweka kwenye flashi. Haikusaidia kitu. Mjukuu akauliza flashi imepangwa kwa mtindo gani. Kumbe mlango ule wa nyuma ulitaka mtindo wa zamani uitwao FAT32, na flashi ya jirani, kubwa na mpya, ilikuwa ya mtindo mwingine. Tukaipanga upya. Nikashikilia vitufe hadi vidole vikafa ganzi. Kitaa kikakonyeza. Mlango wa nyuma nao ulikuwa ndani ya ile sehemu iliyofutwa.

Jumanne baada ya Pasaka nilipeleka mashine mjini. Fundi wa kwanza aliifungua, akaitazama kwa muda usiozidi wa kunywa kikombe cha kahawa, akasema bodi imekufa. Nikamwambia basi anitolee diski. Akanionyesha: mashine yangu ni ya bei nafuu, haina diski ya kuchomoa, kumbukumbu zake zimelehemewa juu ya bodi ile ile. "Vikifa vinakufa pamoja, mzee." Alikuwa tayari kuninunulia kama chuma chakavu. Nilitoka pale miguu ikiwa mizito. Nilimwona yule mwalimu na kofia yake. Niliona pia moshi wa kauntabuku.

Fundi wa pili nilielekezwa na kijana wa bodaboda. Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, ana kibanda chembamba karibu na soko, meza moja, taa moja yenye kioo cha kukuzia. "Shikamoo baba." Nilimweleza yote pamoja na asilimia 41. Watu hudhani fundi hataki hadithi, huyu alitaka. Aliniuliza taa ilikonyeza vipi, umeme ulikatika mashine ikiwa inasema nini, nilijaribu nini baada ya hapo. Niliona kwamba ningempa alama nzuri katika mazoezi ya kufundisha, maana kabla ya kujibu alihakikisha ameelewa swali.

Akafungua, akaniita nisogee. Chini ya kioo cha kukuzia kulikuwa na kitu cheusi kisichozidi punje ya choroko, chenye miguu minane. "Huyu ndiye mpiga kengele wako," alisema, kwa kuwa nilikwisha kumpa mfano wangu. Dawa yake ni kuiacha bodi ilale, kuibana chipu kwa kibanio, kuiunganisha na kifaa kidogo cha kuandikia, na kuyaandika maagizo moja kwa moja bila kuiomba mashine ruhusa. Kifaa alikuwa nacho. Kisha akasoma maandishi ya mgongoni mwa chipu na uso wake ukabadilika. Chipu yangu ilikuwa ya volti 1.8, na kifaa chake kilitoa 3.3. Angekiunganisha hivyo angeweza kuiunguza kabisa. Kilihitajika kipande cha kupunguza, na kipande hicho kilikuwa Kariakoo.

Alhamisi alipanda treni ya umeme, ile iliyoanza safari za Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, akarudi siku hiyo hiyo. Nilimpa nauli na bei ya kipande. Mke wangu aliponiuliza ni kiasi gani, nilimtajia, naye akaandika kwenye daftari lake la matumizi.

Jumamosi tarehe 26 ilikuwa sikukuu ya Muungano na maduka mengi yalifungwa, lakini binti alifungua kibanda kwa ajili yangu. Akaniambia kwamba tarehe hiyo ina sifa mbaya miongoni mwa mafundi. Kirusi kilichoitwa CIH, kilichoandikwa na mwanafunzi mmoja wa Taiwan mwaka 1998, kiliamka tarehe 26 Aprili 1999 na kufuta data katika kompyuta nyingi sana duniani. Na katika baadhi yake kilifuta hata BIOS, zikabaki kama yangu. Yeye alikuwa hajazaliwa. Nilimuuliza kama tusubiri Jumapili. Alicheka.

Mara ya kwanza alipoisoma chipu, kompyuta yake ilijaza kioo kizima kwa herufi FF, mstari baada ya mstari. Nikadhani ndiyo basi. "Hapana, kibanio hakijakaa." Akakitoa, akakirudisha kwa subira ya mtu anayemvisha mtoto kiatu. Akasoma tena, akahifadhi. Kisha akasoma mara ya pili, akahifadhi, akaitaka kompyuta ilinganishe masomo hayo mawili herufi kwa herufi. Nilimuuliza kwa nini arudie kazi aliyokwisha kuifanya. "Mwalimu, nikisoma vibaya nitaandika vibaya. Na nikishafuta, sina pa kuuliza tena."

Sikumjibu. Niliitazama meza yake.

Masomo yalipolingana, alinionyesha ndani. Maagizo yalikuwa yamejaa, namba na herufi ambazo sikuzielewa, halafu ghafla, katikati, likaanza eneo tupu: FF FF FF, kurasa kwa kurasa. Chipu za aina hii haziandikwi juu ya maandishi ya zamani. Sharti eneo lifutwe kwanza, ndipo jipya liandikwe, na eneo lililofutwa haliwi sifuri, huwa moja tupu. Pale ndipo umeme ulipokatika. Nilikuwa naitazama radi ya Alhamisi Kuu ikiwa imeandikwa kwenye kioo. Sijui kama nimewahi kuonyeshwa kosa langu waziwazi kiasi kile, na nimekaguliwa na wakaguzi wengi.

Hakuliandika lile faili la kampuni vivi hivi. Alisema likiandikwa peke yake mashine itaamka lakini haitajijua: namba yake ya kuzaliwa na leseni yake ya Windows vimo katika chipu, katika sehemu ambayo kwa bahati haikuguswa. Akazikata sehemu hizo kutoka nakala ya zamani akazipandikiza katika jipya. Kisha akafuta, akaandika, akahakiki. Megabaiti nane, zilichukua dakika chache tu. Akatoa kibanio, akaunganisha betri, akabonyeza.

Giza. Nikamtazama. "Subiri, inajikagua upya." Tukasubiri. Nilihesabu kimoyomoyo, nikapita sitini. Halafu kioo kikawaka, nami nilipiga kofi moja, peke yangu, kama mtu aliyesahaulika ukumbini.

Kilichofuata ni kioo cha buluu. Kumbukumbu za mashine zilikuwa zimefungwa kwa kufuli la BitLocker, ambalo sikujua kama lipo. Na kufuli hilo, likiona BIOS imebadilika, hudhani mwizi ameingia. Lilitaka namba ya tarakimu 48.

Binti akaniuliza kwa upole kama namba hiyo ninayo. Nikampigia mjukuu. Akasema, "Babu, nilikusomea siku ile tulipoiwasha mara ya kwanza, 2019, sebuleni. Ukaandika nyuma ya kauntabuku iliyokuwa mezani." Nikakumbuka. Niliikumbuka mpaka rangi ya kalamu. Nikaikumbuka pia jaa, na moto, na fimbo. Kulikuwa na njia nyingine, kwa anwani ya barua pepe iliyotumika kuisajili mashine, lakini anwani ile ilifunguliwa kwa namba ya simu iliyokwisha kupotea. Nilimwomba binti anipe kiti.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, ingawa mvua ilikuwa inaanza. Nilimwambia mke wangu habari yote, safari hii bila kuficha hata punje. Akafuta mikono, akaingia chumbani, akatoka na daftari la matumizi la mwaka 2019. Kabla ya kustaafu alikuwa mkunga, na mkunga huandika kila mtoto mahali pawili, kwenye kadi na kwenye rejista. Siku ile ya 2019 alikuwa amekaa pembeni akichambua mchele wakati kijana akinisomea. "Namba inayosomwa mara mbili kwa sauti," alisema, "lazima ina kazi." Ilikuwa pale, mafungu manane ya tarakimu sita sita, kati ya mkaa na vitunguu.

Tarakimu moja katika fungu la tano ilikuwa imeliwa na tone la mafuta ya kupikia. Nikampigia tena mjukuu, akaniambia kila fungu la namba hiyo limetengenezwa ligawanyike kwa 11, ili kosa la mwandishi ligundulike. Hapo, msomaji, ndipo nilipojisikia kuwa mtu kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi Kuu. Fungu lilikuwa 4, 0, 7, doa, 1, 5. Kila mwanachuo wangu alijua kanuni hiyo: jumlisha na kutoa kwa zamu. Nne toa sifuri, jumlisha saba, toa doa, jumlisha moja, toa tano. Inabaki saba toa doa, na jibu liwe sifuri. Doa ni saba. 407715, ukigawanya kwa 11 unapata 37065 kamili. Nilifanya hesabu hiyo kwa kalamu ya risasi pembeni mwa bei ya vitunguu, na mke wangu akisimama nyuma ya bega langu. Alisema, "Haya, nenda basi kabla binti wa watu hajafunga."

Kufuli lilifunguka. Orodha ilikuwapo, majina 1,340.

Jumapili mchana mwalimu yule akaja na kofia yake. Barua nilikuwa nimekwisha kuichapa, na ukurasa wa orodha nimeuambatisha. Aliupokea kwa mikono miwili, akausoma polepole, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, "Mwalimu, hili si jina langu hasa." Palipostahili herufi L palikuwa na R. Jambo dogo, nusu ya nchi hii tunazichanganya herufi hizo tukizungumza. Lakini yule afisa angelinganisha ukurasa na kitambulisho, na herufi moja ndiyo iliyokuwa imewashinda watu wengi kwenye madirisha yale.

Je, kosa lilikuwa la mkufunzi kijana wa 1979 aliyeandika kwa wino, au la mzee wa 2020 aliyechapa kwa vidole viwili? Kauntabuku ingenijibu kwa sekunde moja. Mashine ilikuwa mbele yangu, imewaka, kishale kinachezacheza. Kubadili R kuwa L ni kazi ya kufumba na kufumbua, na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Yeye mwenyewe alinitazama na hakusema lolote, na nadhani angenishukuru.

Nilikaa pale kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Mwishowe niliuacha ukurasa kama ulivyo, nikaandika barua upya. Nilieleza kwamba daftari la asili niliungua kwa mkono wangu. Kwamba jina katika orodha lina herufi moja isiyo sawa na kitambulisho. Kwamba kijiji na tarehe ni za mtu huyu. Na kwamba mtu huyu nilimfundisha kugawanya sehemu mwaka 1979 na uso wake naujua. Barua ilikuwa ndefu na haikunipamba. Aliondoka nayo Jumatatu alfajiri.

Mwezi Agosti alinipigia simu. Wamemhesabia miaka miwili kati ya mitatu. Alikuwa na furaha; mimi nilitaka kuuliza habari za ule wa tatu, lakini nikanyamaza, kwa kuwa siku ilikuwa yake.

Orodha sasa iko kwenye flashi mbili, moja kwangu na moja kwa binti wa kibanda, na nyingine aliitoa mjukuu kwenye karatasi. Karatasi hizo ndizo ninazofanyia kazi. Ninapiga simu kwa kila niliyepata namba yake, au mjane wake, au mtoto, nasoma jina kwa sauti, herufi moja moja, mara mbili, naye ananisahihisha. Mpaka sasa nimekuta makosa 9, na manne ni ya L na R. Leo asubuhi nimefika jina la 213. Huyo anaishi Ifakara, na simu yake haipatikani mpaka jioni.